Uzoefu wangu na plagini ya kufuatilia seva: mgeni kaja, mwenyeji kazimika

Nilipanga niwape wenye plagini hii nyota moja nimalize, nikalale. Sa hivi hata sijui ni ngapi, ngoja nisimulie.

Mi niko Moshi, naangalia mfumo wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani, siyo kampuni kubwa, seva yenyewe inakaa chini ya meza ya mhasibu. Mfumo ni wa Java, yaani unaendeshwa na programu iitwayo Java, na ndo unapanga nani anapanda na nani, wapishi, wapagazi, waongozaji, mizigo. Sasa kuna watu wanauza huduma ya kufuatilia mifumo, siwataji, wanaojua wanajua. Wanakuwekea kiplagini ndani ya Java yako, kinachungulia wapi panasuasua, kinakutumia ripoti. Walikuja wenyewe kukifunga, shati limepigwa pasi, kahawa wakanywa, kila kitu safi, na kwa muda mrefu tu kilifanya kazi vizuri, sitasema uongo.

Usiku mmoja kabla msimu haujachanganya umeme ukaenda, UPS nayo betri ilishazeeka, seva ikazimika. Umeme uliporudi mashine ikawaka, mfumo haukuwaka. Saa kumi na moja alfajiri Mama mwenye kampuni ananipigia, kuna kundi linaenda Machame, wapagazi wako chini barabarani na baridi ile, orodha haitoki. Nikachukua boda hata uso sijanawa.

Nafika, nawasha mfumo, unakufa. Nawasha tena, unakufa. Logi ya mfumo wetu, lile faili unakojiandikia kila unachofanya, haina hata mstari mmoja wa asubuhi ile, yaani kama hakuna mtu aliyejaribu kuuwasha. Nikaandika java -version tu, amri ya kitoto kabisa ya kuuliza toleo, nayo ikakataa! Hapo nikajua Java imeharibika. Nikaitoa nikaiweka upya, saa nzima imekwenda, intaneti inavuta kama konokono, nawasha, yale yale.

Na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Hawa jamaa walipofunga kitu chao hawakukiweka kwenye mfumo wetu tu, walikiweka kwenye JAVA_TOOL_OPTIONS, mpangilio wa mashine nzima, maana yake kila Java inayowashwa kwenye seva ile, hata ya kuuliza toleo, lazima kwanza ibebe plagini yao. Java inakwambia kabisa kwamba imeokota hiyo mipangilio, mstari unatokea kila siku, mi nilishauzoea kama bango la soda barabarani, silisomi tena.

Chini yake kuna mstari mwingine unasema maktaba ya plagini, yaani faili lake lenyewe, haikupatikana. Haikupatikana! Nikaenda kwenye folda, faili lipo, limekaa. Nikaangalia ruhusa, sawa. Jina, sawa. Nikaanza kujitilia shaka mimi. Ukisoma mstari ule mpaka mwisho kabisa, kule ambako skrini inakatika, ndo unakuta sababu ya kweli, kwamba maktaba inadai glibc, maktaba ya msingi ya Linux, toleo la 2.28. Seva yetu inatumia CentOS 7, Linux ya zamani, ina 2.17. Najua CentOS 7 ilishaachwa tangu Juni 2024, msinianze, bajeti siyo yangu. Ishu ni kwamba jamaa walishajiapdetia faili lao kimya kimya wiki kadhaa nyuma bila kumwambia mtu. Java iliyokuwa inakimbia ilikuwa imeshabeba lile la zamani kwenye memori ndo maana hatukuona kitu, tukawa tunaishi na bomu hatujui. Kwa hiyo faili lilikuwepo, ila halikubebeka, na Java kwa lugha yake hivyo vyote viwili inaviita hakuna.

Nikawapigia. Kijana akapokea, mara ya kwanza mpole, akanitumia toleo la zamani lisilodai hiyo glibc mpya. Nikaweka. Sasa ikabebeka kweli, nikashangilia mwenyewe, halafu Java ikafa tena! Safari hii ujumbe tofauti, kwamba maktaba imeshindwa kujianzisha. Kumbe niliifunga nikiwa root, yule mtumiaji mkuu wa mashine, folda ya logi zao ikawa mali ya root, na mfumo wetu unakimbia kwa mtumiaji wa kawaida. Plagini ikashindwa kufungua logi YAKE, ya kwake mwenyewe, ikaona bora tufe wote.

Nikampigia tena, sasa hasira zimenipanda. Namwambia kaka, plagini yenu imeshindwa kuandika logi, ndo mnauzima mfumo mzima wa watu? Akacheka kidogo, nilimsikia. Akasema, "Mkuu, sisi hatuzimi kitu. Sisi tunarudisha namba tu, anayezima ni Java. Nenda kasome, ukielewa utanipigia." Akakata.

Ukielewa! Nina miaka na hii kazi! Nimekaa pale na simu mkononi naangalia dirishani, wapagazi wananywa chai ya tangawizi kwa yule dada wa kona, Mama anakuja ananiambia, "Mwanangu, niandike tu kwa mkono?" Nikamwambia andika Mama. Akatoa daftari la mistari, akaanza kuita majina kutoka kichwani, kundi likaondoka. Kashfa niliyoisikia siku ile siyo ya mfumo kufa, mifumo inakufa. Ni lile neno, "ukielewa".

Basi nikaenda kusoma, kwa hasira. Na mbaya zaidi, yule bwana yuko sahihi. Plagini za aina hii zina mlango unaoitwa Agent_OnLoad, Java inaugonga mapema kabisa, kabla mstari wa kwanza wa programu yako haujasomwa, ndo maana logi yetu ilikuwa tupu. Plagini ikijibu sifuri, twende. Ikijibu namba nyingine yoyote, iwe moja, iwe hasi, iwe mia, Java inajizima, na hiyo siyo hitilafu, imeandikwa hivyo kwenye maelezo rasmi. Hapo nikataka kuwaongezea nyota, niwe mkweli, na niiombe Java msamaha.

Ila nikaendelea kusoma, moto ukarudi. Kwa sababu kuna mlango wa pili, Agent_OnAttach, unaotumika ukiichomeka plagini wakati Java tayari inakimbia. Pale plagini ikishindwa, Java inapuuza, labda inaandika kalalamiko mahali, maisha yanaendelea. Na hata zile maktaba za kawaida ambazo programu yenyewe inaziita, zikigoma kubebeka unapata kosa liitwalo UnsatisfiedLinkError, unalidaka, unaendelea na mambo yako. Kwa hiyo anayesema "sisi tunarudisha namba tu" ndo huyo huyo anayechagua namba ya kurudisha! Kama kosa lako ni folda ya logi, rudisha sifuri, kaa kimya, acha wenye nyumba wafanye kazi. Java imekupa heshima ya kusema "bila mimi msiwashe", wewe heshima hiyo unaitumia kwa ajili ya faili la logi? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, huyu wa kwetu kaja mwenyeji kafa, na ripoti yake kwenye dashibodi siku ile, nimeenda kuangalia baadaye, ilikuwa ya kijani. Kijani! Kwa sababu hakukuwa na data ya kuonyesha ubaya wowote. Sasa nalipia nini?

Haya, upande wa pili, maana nisije nikaonekana nina chuki. Niliitoa ile JAVA_TOOL_OPTIONS, nikaitoa plagini kwenye mstari wa kuwashia, sasa mfumo unawaka kwanza peke yake, ukishasimama ndo naichomeka kwa jcmd, amri ya kuongea na Java inayokimbia. Tuko Java 11 inakubali bila kelele. Toleo la 21 linatoa onyo ukichomeka hivyo na wenye Java wameshasema huko mbele itafungwa mpaka uruhusu mwenyewe, nitalia siku hiyo ikifika. Kuna vipimo nimevipoteza pia, vingine vinapatikana tu plagini ikiingia tangu mwanzo. Lakini inafanya kazi. Na wiki iliyofuata ikanionyesha swali moja la databesi lililokuwa linachelewesha ukurasa wa malipo tangu sijui lini, nikalirekebisha nusu saa, Mama mwenyewe akasema mbona siku hizi kunafunguka haraka. Hapo nilikuwa nimefika nyota nne, naapa.

Halafu juzi bili ikaja, na chini yake ujumbe, nikaijua namba, ni yule yule. "Habari mkuu, karibu tena uhuishe huduma, kwa maswali usisite kutupigia."

Nimeuacha umesomwa. Alama mbili za bluu, anaziona. Hela ninayo, huduma naitaka, daftari la Mama bado liko juu ya seva, na sijamjibu.