Sindano ya RSV kwa kichanga, nawapa nyota nne

Wamama wenzangu wa huku Minnesota, baridi ndo hiyo inaingia. Binti yangu ana miezi mitatu, nimempeleka kliniki ya hapa mtaani kachomwa Beyfortus ya kuzuia RSV, kile kirusi kinachobana watoto kifua mpaka ukiwaangalia wakihema mbavu zinaingia ndani. Ni sindano moja tu ya pajani, chini ya kilo 5 wanapewa miligramu 50, kuanzia kilo 5 ni 100, wangu na hayo mashavu kapewa ya 100. Kalia kidogo, nikampa ziwa, kwisha habari. Nesi mcheshi, kanielewesha kwamba hizo ni kinga zilizotengenezwa tayari, mwili hauna haja ya kuanza kujifunza, na kama ungechanjwa ukiwa na mimba wiki ya 32 hadi 36 mara nyingi mtoto haihitaji.

Ila mapokezi mmh! Tumekaa weee, watu wanakohoa kushoto kulia, mtoto nimemfunika kanga gubigubi, hapo nimewakata nyota moja. Na mafua mengine haizuii, kwa hiyo kumbusu usoni bado marufuku, shangazi anune tu.