Nimetolewa kwenye sebene kisa chupa tatu

Jamani hili limenikaa rohoni tangu Jumamosi ile, acha niliseme maana nikinyamaza litanivimbia.

Tulikuwa sita, marafiki tangu shule, mwenzetu mmoja karudi kutoka Mwanza tukasema leo hatulali mapema, twende tukale mbuzi tusikilize bendi, bendi ya ukweli yenye magitaa na tarumbeta, sio mtu anachomeka flashi halafu anaimba juu yake. Sehemu yenyewe iko Kinondoni, jina nalihifadhi. Mbuzi alichelewa sana lakini alipofika tulisamehe, mafuta ya pembeni yameungua kidogo, kachumbari ina pilipili mbuzi ya kutosha, ndizi za kuchoma za moto. Sina neno kwa jikoni.

Sasa bendi. Mi nimekulia nyumba ya dansi, baba ni shabiki damu wa bendi ya Msondo tangu enzi inaitwa NUTA Jazz, mama yeye ni wa wapinzani wao Sikinde na hakubali umwambie kitu, redio ikiwashwa pale nyumbani ilikuwa ni ubishi mpaka chakula kinapoa. Kwa hiyo hizi nyimbo nazijua zinavyokwenda, zinaanza taratibu, mwimbaji anakupa kisa chake, ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio, wewe umetulia tu unasubiri kwa sababu unajua inakuja. Mzee wa solo, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, akafumba macho, vidole vikashuka mpaka karibu na tumbo la gitaa, tumba zikabadilika, watu wote wakainuka, sebene hilo, magitaa yamechanganya ni kucheza tu! Na hapo hapo nikashikwa mkono.

Mhudumu. "Dada njoo ulipe, mi natoka zamu." Nikamwambia mdogo wangu subiri wimbo uishe tu. Akasema, na alisema kwa sauti watu wakageuka, "hapana, wengine huwa wanaondoka hivi hivi wakicheza."

Mimi! Mtu mzima na heshima zangu naitwa mwizi katikati ya watu na mziki unaendelea.

Kufika mezani ndo nakuta bili ina chupa tatu za bia ambayo hata mmoja wetu hanywi. Hapa hesabu yao ni chupa, wanaziacha mezani mpaka mwisho halafu wanahesabu, na watu wa meza ya jirani walipoondoka meza zilivutwa zikaunganishwa, chupa zao zikabaki kwetu. Nikamweleza meneja taratibu kabisa. Hakuinua hata macho kwenye simu yake, akajibu "zikikutwa kwenye meza yenu ni zenu." Tukalipa kwa simu, lipa namba, kila mtu kakunja uso, na yule wa Mwanza ndo anaomba msamaha kana kwamba kosa ni lake. Elfu tisa hainiumizi, kinachoniuma ni lile neno.

Nilikuwa nimeshapanga kumwandika yule binti vibaya sana hapa. Ila wakati natoka chooni nikamkuta kasimama nyuma ya kaunta anafuta machozi na kanga, nikamuuliza kulikoni, akaniambia wiki hiyo hiyo kuna meza ilimkimbia na hela yote imekatwa kwenye mshahara wake. Yaani chupa ikipotea analipa yeye. Sasa mtu wa hivyo utamwambia asubiri wimbo uishe? Hasira zangu zikahama zote zikaenda kwa yule wa simu, maana yeye ndo kaweka utaratibu wa kumfanya binti awawinde wateja hadi kwenye uwanja wa kucheza.

Mkienda lipeni kila raundi inapokuja, na chupa msizozijua ziondoeni mezani mapema, msione aibu.

Mi nilishaapa sirudi. Bado nasema sirudi. Ila yule mzee wa solo jamani, tulivyokuwa tunaondoka nilipita mbele nikamtunza elfu tano, akainamisha kichwa bila kuacha kupiga, na wenzangu tangu juzi wananiuliza tunarudi lini, na sijawajibu hapana. Nikirudi ni kwa ajili ya bendi, na nataka nikae pale mbele kabisa, na lile sebene walirudie mwanzo mpaka mwisho mimi nikiwa nimesimama.