Kiti cha Peugeot 504: Fundi Aliyepatia Mara ya Pili

Peugeot 504, gari ambalo Ove Andersson alishindia Safari Rally mwaka 1975, lilisifika kwa viti laini vya kumpumzisha msafiri wa mbali, lakini ulaini huohuo humtesa dereva wa mashindano, kwa kuwa kila kona humtupa upande na kumfanya aushikilie usukani asianguke badala ya kuuzungusha. Kiti cha asili cha 504 yangu nilikiondoa zamani na kuweka cha mashindano, chenye ganda la fiberglasi. Hata hivyo, ganda hilo lilinizidi upana, na goti langu la kulia likaota alama nyeusi kwa kugonga mlango. Ndipo nikakipeleka kwa karakana moja ya washona viti iliyoko Industrial Area, Nairobi.

Jaribio la kwanza lilikuwa hasara tupu. Fundi alijaza sponji ya godoro, akaishona vizuri kwa macho, lakini nilipopita matuta machache sponji ilibonyea, nyonga zikashuka, na mikanda niliyoikaza barabara ikalegea kiasi cha kupitisha ngumi. Jambo hilo si la starehe tu: gari likigonga, mwili unaweza kuteleza chini ya mkanda wa kiunoni, nao mkanda ukapanda tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuuzuia.

Niliporudi, fundi mkuu hakubishana. Alinikalisha katika kiti kikiwa ndani ya gari, nimevaa ovaroli na viatu vya kuendeshea, akaweka mfuko mzito wa plastiki nyuma ya mgongo wangu na kumimina humo vimiminika viwili alivyokuwa ametoka kuvichanganya. Povu liliumuka kama unga wa mahamri, likajaa kila pengo la kiuno na mbavu huku joto likinipanda mgongoni, nami nimekatazwa hata kukohoa. Lilipokauka alilichonga kwa kisu cha mkate, akapunguza sehemu ya mabega ili mikono iwe huru na kuacha unene kiunoni na ubavuni, kisha akalivika kitambaa kisichoshika moto, kwa maana povu hilo likiwa wazi huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Chini ya makalio aliweka sponji ngumu isiyozidi unene wa kidole, na hapo ndipo nilipomheshimu.

Lawama zangu ni mbili. Mvuke wa vimiminika hivyo hudhuru mapafu, lakini kazi ilifanyika milango ikiwa imefungwa na vijana hawakuvaa barakoa. Pili, msaidizi alikuwa tayari ameshika drili atoboe ganda apitishe skrubu. Nilimzuia, kwa sababu ganda lililotobolewa hovyo hupoteza nguvu na mkaguzi wa mashindano ana haki ya kulikataa. Fundi nimemsamehe kwa kuchelewa siku tisa, na shilingi 22,000 nilizolipa sizijutii.

Katika mazoezi upande wa Kajiado, kwenye kona kali za kushoto, goti halikuugusa mlango hata mara moja, na vidole vyangu vililegea juu ya usukani. Kasoro iliyobaki ni ukingo wa paja la kushoto, ambao unauchelewesha mguu kufika kwenye klachi. Fundi ameahidi kuupunguza Alhamisi, na safari hii nitamwomba afungue milango kwanza.