Uzoefu wangu: nimeendesha Rolls-Royce Silver Ghost ya 1911

Huku Uingereza kuna jamaa wanakodisha magari ya kizamani, unaendesha huku mwenyewe amekaa pembeni anakuelekeza. Nikachagua Silver Ghost ya 1911. Bei siitaji, ilinitoa jasho.

Wengi wanaisifia kwa ukimya na kweli imetulia, ila mi kilichonimaliza ni jinsi inavyovuta. Injini silinda 6, lita 7 na ushee. Gia ziko 3, rodi yake iko mkono wa kulia, na unabadilisha kwa kukanyaga klachi mara mbili, ukikosea kidogo tu inasaga mpaka wapita njia wanageuka kukuangalia. Lakini ukishaweka gia ya juu basi, punguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea halafu ongeza mafuta, inaondoka bila kutetema wala kukudai ushushe gia. Mwaka huohuo 1911 kampuni ilipeleka moja kutoka London mpaka Edinburgh kwa gia ya juu peke yake, na baada ya kuishika mwenyewe sioni ajabu.

Ila majaribio ya kweli ni yale ya 1907 aisee. Claude Johnson, meneja wao, alichukua gari moja akaipaka rangi ya fedha, namba AX 201, wakaipeleka London–Glasgow kwenda na kurudi, mchana na usiku, Jumapili tu ndo inapumzika, na wasimamizi wa klabu ya magari wamo humo humo ndani wanaandika kila kitu. Ikapiga maili 14,371 bila kusimama kwa hitilafu, yaani kama kilomita 23,000, kwa barabara za enzi zile! Kabla ya hapo ilisimama mara moja tu, koki ya mafuta ilijifunga yenyewe kwa mtikisiko. Mwisho wakaifungua yote, spea za kuirudisha kama mpya zikagharimu pauni 2, shilingi 2 na peni 7. Hapo ndo walikua wanawauzia matajiri ambao gari bado wanaiona mdudu wa kuharibikia njiani.

Sasa breki. Mbele HAKUNA. Ya mguu inabana shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini matairi ya nyuma), ya mkono inabana matairi ya nyuma, basi, na boneti lote lile liko mbele yako, kwenye mteremko nilikua naanza kubana mapema mno na bado moyo uko mdomoni. Kwenye usukani kuna kijiti cha kuwahisha au kuchelewesha cheche inayowasha mafuta kwenye injini, usipoichelewesha wakati wa kuwasha, hendeli unayozungusha kwa mkono kuwashia gari inarudi kwa nguvu na mkono unaweza kuvunjika, ndo maana hendeli alipiga mwenye gari na sikubisha.

Viti havina mpinzani, sofa za nyumbani kwangu zikasome. Nikiulizwa nyota natoa 4, moja imeondoka na breki. Mkienda vaeni koti zito hata kama kuna jua, upepo unapiga ubavuni muda wote, na viatu viwe vyembamba maana pedo zimebanana.