Nano au micro, vihariri vya maandishi vya kwenye terminal, kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD?

Kusakinisha si hoja: `pkg install nano` au `pkg install micro`, umemaliza. Kazi iko kwenye mipangilio.

Nano, iliyoanza 1999, inakutaka uandike mwenyewe faili la mipangilio, `~/.nanorc`: `set linenumbers` (namba za mistari), `set tabsize 4` (upana wa tab). Ukitaka msimbo uwe na rangi, ongeza `include "/usr/local/share/nano/*.nanorc"`. Ukikosea neno, italalamika kila ukiifungua.

Micro huja na namba za mistari na rangi tayari. Bonyeza Ctrl+E, andika `set tabsize 4`. Yenyewe inahifadhi kwenye `~/.config/micro/settings.json`. Ctrl+S huhifadhi faili unalohariri, si ile Ctrl+O ya nano inayowachanganya wageni.

Kwenye mashine yangu natumia micro. Kwenye seva za watu, nano; mara nyingi naikuta imeshawekwa.