Kuomba udaktari wa mifugo ukiwa Mombasa: tovuti ya KUCCPS imepimwa

Tovuti ya KUCCPS, taasisi ya serikali ya Kenya inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, si mbovu. Kasoro yake ni kwamba humhudumia vizuri mtu ambaye tayari anajua anachokitaka, kwa jina na kwa nambari, na wengi wanaoingia saiba (vibanda vya intaneti) za Digo Road au Kisauni na karatasi ya matokeo mkononi hawajafika hapo. Kwa kozi zinazofundishwa kila chuo, kubahatisha hakuumizi sana. Kwa udaktari wa mifugo kutakula kwako, maana vyuo vyenye shahada hii vinahesabika kwa vidole: Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete, na Egerton kule Njoro ndivyo vinavyojulikana zaidi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, hapo Tudor, hakina. Mtoto wa Mombasa ajue mapema kwamba miaka 5 ya masomo itakuwa bara.

Kuingia kwenyewe ni rahisi vitu vikiwa sawa. Unahitaji nambari ya mtihani wa KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, yenye tarakimu 11, mwaka wa mtihani, na nywila ya mwanzo ambayo ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Nywila hii ndiyo inayowakwamisha watu. Mfumo haujui cheti ulichokishika. Mfumo unajua nambari iliyoandikwa na shule siku ya kusajili watahiniwa. Cheti kikiwa kilibadilishwa baadaye, au karani wa shule alikosea tarakimu moja, utajaribu mpaka vidole viume. Mtafute mwalimu aliyesimamia usajili akutazamie nambari iliyomo kwenye orodha yake. Ukishaingia badilisha nywila hapo hapo, uiandike pahali utakapoiona miezi mitatu baadaye.

Ada ya maombi misimu ya karibuni imekuwa shilingi 1,500, na hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Nambari ya akaunti unapewa na tovuti yenyewe, usitumie ya mwenzako. Malipo ya serikali yalihamishiwa nambari hiyo mwaka 2023, lakini video na mabango ya kabla ya hapo bado yanazunguka na Paybill za zamani. Akikwambia mwenye saiba umtumie yeye pesa akulipie, mwombe kwanza akuonyeshe ujumbe wa M-Pesa wenye nambari yako ya akaunti.

Sasa hesabu, na hapa tovuti inastahili sifa kuliko inavyopewa. Ukiingia inakuonyesha pointi zako za klasta, yaani kundi la masomo manne yanayopimwa kwa kozi husika, na kwenye ukurasa wa kila kozi unaona masomo yanayotakiwa pamoja na kikomo (pointi za chini kabisa zilizoingiza mtu) cha miaka iliyopita. Kwa udaktari wa mifugo Biolojia na Kemia ndizo nguzo, kisha Hisabati au Fizikia, kisha somo la nne ambalo ni lazima ulisome kwenye ukurasa wa kozi ya chuo unachokitaka. Somo la Kilimo, hata ukilipata A, haliwi badala ya Biolojia. Na C+ ya wastani ni kibali cha kuomba shahada tu. Haikupi kiti Kabete.

Kanuni ambayo walimu huitumia kukadiria ni hii: jumla ya pointi za masomo manne ya klasta igawe kwa 48, jumla ya masomo saba igawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Tuseme mtahiniwa ana Biolojia A- (11), Kemia B+ (10), Hisabati B (9) na Kiswahili A- (11), jumla 41, na masomo saba yamempa 70. Atapata takriban 40.5. Kemia hiyo ikiporomoka hadi C+ (7), anashuka hadi 38.1. Lakini pointi hizo tatu zikipotea kwenye Jiografia badala ya Kemia, anabaki na 39.6. Yaani kuteleza kwa kiasi kile kile, ndani ya klasta huuma zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana watu wawili wenye B+ ya wastani wanaweza kuachana mbali sana kwenye kozi moja. Makadirio haya hayalingani moja kwa moja na ya KUCCPS, kwa sababu wao hawaishii kwenye gredi. Hupima pia jinsi mtahiniwa alivyofanya akilinganishwa na wenzake. Kwa hivyo kanuni ni ya kujiandaa nyumbani. Inayohesabika ni ile inayotokea kwenye skrini.

Na kikomo cha mwaka jana si ahadi. Hicho ni kiwango cha yule wa mwisho aliyeingia. Wakiomba wengi wenye alama za juu mwaka huu, kitapanda. Aliyekipita kwa nukta chache hajafika. Amesogea karibu tu.

Tovuti inapopoteza pointi kwetu ni kwenye majina. Andika "animal" kwenye kisanduku cha kutafutia na inakumwagia msururu: sayansi ya wanyama, afya ya wanyama na usimamizi, uzalishaji wa mifugo, usimamizi wa wanyamapori. Zote ni kozi halali, na baadhi zina soko zuri, ila hazikufanyi daktari wa mifugo. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hii inatenganisha daktari na mtaalamu msaidizi, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, ina rejista zake kwa kila kundi. Anayehitimu afya ya wanyama huenda kwenye kundi la pili. Anaweza kutibu na kuchanja katika mipaka yake, lakini hasajiliwi kama daktari. Tovuti haisemi hata neno moja kuhusu tofauti hiyo. Jina unalolitafuta ni Bachelor of Veterinary Medicine, na njia salama ni kunakili nambari ya kozi yenye tarakimu saba, moja ya Nairobi na moja ya Egerton, maana kozi ile ile hubeba nambari tofauti kwa kila chuo. Tarakimu moja ikikosewa unajikuta umeomba ualimu.

Mpangilio wa machaguo ni mtihani mwingine. Kozi yenye viti vichache ukiiweka ya tatu au ya nne, mara nyingi huwa imeshajazwa na walioitanguliza. Anayeutaka udaktari huu kwa dhati na pointi zinamruhusu, aweke vyuo vyenye shahada hiyo juu kabisa, kisha chini yake kozi anazoweza kuishi nazo ambazo kikomo chake kiko chini kwa pointi kadhaa. Tunaona wengi wakijaza udaktari wa binadamu, famasi na udaktari wa meno juu, halafu mifugo mwishoni kama kiraka. Hiyo si akiba, maana kozi hii nayo inagombaniwa. Akiba ya kweli kwa aliyekosa pointi ni diploma ya afya ya wanyama, kwa mfano katika AHITI, taasisi za mafunzo ya afya ya mifugo, za Kabete, Ndomba au Nyahururu, na baadaye kuomba shahada moja kwa moja chuoni. Barabara ndefu, lakini ipo.

Baada ya duru ya kwanza hufunguliwa dirisha la kurekebisha kwa waliokosa, na matokeo yakishatoka kuna dirisha la kuhama chuo au kozi. Wengi hudhani kuhama ni mlango wa nyuma. Sivyo: ni lazima uwe umefikia kikomo cha mwaka huo cha kozi unayohamia, na kuwe na nafasi.

Jambo ambalo tovuti hii hailifanyi, na ambalo wazazi wengi wa Likoni na Changamwe hulijua wakiwa wamechelewa: kupangiwa chuo si kupata pesa. Mkopo na ufadhili huombwa kando kwenye tovuti ya HEF, ile ya kugharamia elimu ya juu. Huko utatakiwa vitambulisho vya wazazi, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako, maana jina lisipooana na kitambulisho maombi yanasimama. Maelezo ya kipato na makazi yajibiwe kwa ukweli na kwa ukamilifu, kwa kuwa kiwango cha msaada hupangwa kutokana nayo. Saiba nyingi hujaza sehemu hii mbio mbio kwa sababu ina maswali mengi, usikubali.

Barua ya kukubaliwa nayo haitoki KUCCPS. Hupakuliwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya. Fomu hiyo ifanyie kazi mapema. Foleni ya hospitali ya serikali haijali kwamba treni yako inaondoka Miritini kesho asubuhi. Cheti cha KCSE kikiwa bado hakijafika shuleni, karatasi ya matokeo kwa kawaida hutosha kusajiliwa.

Ufanyie wapi maombi yenyewe? Simu inatosha kwa kulipa na kusoma kurasa za kozi, ingawa majedwali ya vikomo kwenye skrini ndogo yanatesa macho. Huduma Centre pale Posta kuu ni bure na watumishi wake wanaujua mfumo, ila wiki ya mwisho kabla ya kufungwa foleni yake ni balaa, na tovuti yenyewe wiki hiyo hujivuta. Nenda siku za mwanzo. Saiba ni ya haraka na ina printa, na ndiyo yenye hatari zaidi. Mhudumu akiandika nambari yake ya simu au barua pepe yake kwenye akaunti yako, ujumbe wote utamfikia yeye. Keti wewe mwenyewe kwenye kibodi, au angalau soma kila tarakimu kabla ya kubonyeza kutuma. Chapisha ukurasa wa machaguo yaliyohifadhiwa. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa, na utoke kwenye akaunti kabla hujainuka kitini, kwa sababu dirisha la marekebisho likiwa wazi, yeyote anayekalia kiti hicho baada yako anaweza kukubadilishia Kabete ikawa kitu kingine.