Spider-Man ana matoleo mengi mno: mgeni aanzie toleo la 31

Watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nimeketi juu ya jiwe nyuma ya nyumba, hapa Capri Point, Mwanza, kwa sababu umeme umekatika tangu asubuhi na ndani hakuna mwanga wa kutosha kwa kamera. Mkisikia upepo wa ziwa ukivuma kwenye kipaza sauti, naomba mnivumilie. Kitabu nilichokishika, hiki kinene kama tofali la kuchoma, ni juzuu ya pili ya Essential Spider-Man, ambayo imekusanya toleo la 21 hadi la 43 la jarida la katuni la The Amazing Spider-Man pamoja na matoleo mawili maalumu ya mwaka, yote yakiwa yamechapwa kwa wino mweusi bila rangi. Spider-Man ni nani, aliumwaje na buibui na kwa nini anaficha uso, hayo sitayaeleza, kwa kuwa kila aliyewahi kuingia kibanda umiza anayajua.

Swali nililoletewa na mtazamaji wa Nansio, kule Ukerewe, ni fupi: mtu asiyewahi kusoma hata ukurasa mmoja aanzie wapi? Ungedhani jibu ni namba moja, na hapo ndipo hasira yangu inapoanza. Namba moja ya kwanza ilitoka na tarehe ya Machi 1963. Wachapishaji wake, Marvel, wakaanza kuhesabu upya mwaka 1999, wakajirudi mwaka 2003 na kuendeleza hesabu ya zamani kwa toleo la 500, kisha wakaivunja tena mwaka 2014, na 2015, na 2018, na 2022, na 2025. Kwa hiyo mgeni anayeomba namba moja anaweza kukabidhiwa kitabu kinachoanza katikati ya ugomvi wa watu asiowafahamu, huku jalada likimhakikishia kwamba huo ndio mwanzo. Ni kama konda anayeita abiria wa Igoma wakati gari limeshaipita Igoma na linaelekea Kisesa. Na hata ile namba moja ya 1963 si mwanzo wenyewe, maana Peter Parker, ambalo ndilo jina halisi la Spider-Man, alizaliwa katika toleo la 15 la jarida jingine, Amazing Fantasy, Agosti 1962, katika kisa cha kurasa 11 kilichoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko.

Wapenzi wa Batman najua mnacheka. Ninyi mkiulizwa swali hili mnataja Year One, matoleo manne ya mwaka 1987 ya Frank Miller na David Mazzucchelli, halafu mnaendelea kunywa chai. Ninawaonea wivu, na video yenu niliyoiahidi mara tatu itakuja, isipokuwa kigoda cha kamera kimevunjika mguu na hii mnayoiona imesimamishwa kwa ndoo.

Upande wetu, wengi humtuma mgeni kwenye Ultimate Spider-Man ya mwaka 2000, inayosimulia kisa upya tangu mwanzo, iliyoandikwa na Brian Michael Bendis na kuchorwa na Mark Bagley, wawili waliodumu pamoja kwa matoleo 111. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitoa jibu hilo, na mkirudi kwenye video zangu za zamani mtanikuta nikilitoa kwa kujiamini sana. Nimelibadilisha. Kile ambacho Lee na Ditko walikimaliza kwa kurasa 11, pale kinachukua matoleo saba, na mgeni anajikuta akisimuliwa kwa kirefu jambo analolijua tayari.

Jibu langu leo ni toleo la 31 la The Amazing Spider-Man, la Desemba 1965, nanyi someni hadi la 33 bila kusimama. Katika toleo la 31 Peter anaingia chuo kikuu. Ni siku zake za mwanzo, hamjui mtu, na ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na Gwen Stacy na Harry Osborn, watu wawili ambao watamwandama maisha yake yote. Kwa maneno mengine, mgeni anayefungua kitabu anaingia mlango mmoja na mgeni mwenzake. Gwen na Harry wanamsalimu, naye anawapita kama hawaoni, nao wanakata shauri kwamba kijana huyu ana maringo. Kumbe kichwani mwake hakuna chuo wala mabinti, kuna mgonjwa aliyemwacha hospitalini. Mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Malimbe ambaye kila jioni hupanda kilima cha hospitali ya Bugando na chupa ya uji. Hajibu salamu darasani, na mnamwita mwenye dharau.

Mgonjwa huyo ni May, ambaye watafsiri wetu humwita shangazi, nami sijawahi kukubaliana nao. Ben, mume wake, ni kaka mkubwa wa baba yake Peter, basi Ben ni baba mkubwa na May ni mama mkubwa, na mtu wa kwetu akisikia mama mkubwa aliyekulea yuko taabani, haulizi tena kwa nini kijana amechanganyikiwa. Jambo baya zaidi ni kwamba ugonjwa umetokana na damu ambayo Peter mwenyewe alimtolea zamani, damu yenye mionzi iliyompa yeye nguvu. Dawa iko moja tu, na imeibwa na watu wa Doctor Octopus, adui wa Spider-Man, ambao maskani yao yako chini ya maji.

Sasa sogezeni macho, maana kwa ajili ya kurasa hizi ndiyo nimewasha kamera. Hili ni toleo la 33, la Februari 1966. Spider-Man amelaliwa na mtambo wa chuma mkubwa kuliko nyumba, dawa iko sakafuni mbele yake, mahali ambapo mkono hauifikii, na dari limeanza kuvuja. Nimekata vipande vya karatasi ya daftari nikafunika maneno yote, kila kiputo, ili mwone picha peke yake. Nimefanya hivyo kwa sababu katika matoleo haya Ditko ndiye aliyetunga kisa na kukichora kwanza, naye Lee akatia maneno baadaye, kwa hiyo picha zenyewe zinapaswa kuweza kusimama bila msaada.

Tazameni kidole changu. Hapa visanduku ni vidogo na vimebanana, na ndani ya kila kimoja mtambo unachukua nafasi kubwa kuliko mtu. Anajaribu, anashindwa, kichwa kinaanguka. Matone ya maji, ambayo kwenye chapa ya rangi huwa yanajificha, hapa kwenye nyeusi na nyeupe yanahesabika. Nafunua ukurasa. Visanduku vimepungua idadi na vimeongezeka ukubwa, na mgongo umeinuka kidogo, kiasi cha upana wa kiganja. Nani amewahi kusimama Mwaloni pale Kirumba asubuhi magunia ya dagaa yanaposhushwa? Kuli hanyanyuki na gunia kwa mara moja. Kwanza shingo inakaza, kisha goti moja linatafuta mahali, anatulia kana kwamba ameghairi, na ule utulivu ndio unaomtisha anayetazama, kwa sababu hujui kama atapanda au atakaa chini. Ditko ameuchora utulivu huo. Katika kisanduku hiki hapa hakuna kinachosogea hata kidogo, na hapo ndipo mikono yangu hutoka jasho kila ninaposoma, ingawa nimeshasoma mara nyingi na ninajua mwisho wake.

Nafunua tena. Ukurasa mzima ni picha moja: amesimama, mtambo uko hewani juu yake, maji yanamwagika kila upande. Mchoraji alikubana kwenye vyumba vidogo, akakupanulia chumba kimoja kimoja, halafu akabomoa kuta zote. Kuna filamu zilizotumia fedha nyingi kuiga tukio hili, lakini kwenye filamu kasi si yako. Hapa wewe ndiye unayefunua ukurasa, na ukitaka unaweza kumwacha pale chini ukaenda kuchota maji, ukarudi ukamkuta bado amelaliwa.

Naondoa vipande vya karatasi sasa, na ninalazimika kukiri jambo. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba maneno ya Lee ni mengi mno na hayana kazi. Ni mengi, hilo silifuti. Watu wa miaka ya 1960 waliongea peke yao kuliko mlevi wa Kirumba. Lakini katika kurasa hizi Peter anamwaza Ben, aliyekufa kwa uzembe wa Peter mwenyewe, na anaapa kwamba hatampoteza wa pili, na bila maneno hayo ningeona tu mtu mwenye nguvu akiinua kitu kizito. Kwa hiyo nashauri msome mara mbili, mara ya kwanza picha tupu, mara ya pili pamoja na maneno.

Kuhusu kitabu chenyewe kama bidhaa, sina sifa nyingi. Karatasi ni ile ya gazeti, wino wa ukurasa wa nyuma unaonekana mbele, na mgongo wake umebandikwa kwa gundi ambayo haikukusudia kuishi muda mrefu. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba wa Dar es Salaam kwa Sh 12,000, kikasafirishwa kwa basi ambalo sitalitaja, na kikafika Mwanza kimelowa kwa sababu kiliwekwa chini ya ndoo ya samaki wa mtu. Nikakianika siku mbili juu ya jiwe hilihili. Kilipokauka kikagawanyika vipande viwili, na fundi viatu mmoja wa Makoroboi akakishona kwa uzi wa viatu kwa Sh 3,000. Mfululizo huu wa Essential hauchapwi tena, hivyo mtakayemkuta nao anauuza uliotumika. Chapa za rangi zipo na ni imara, ila bei yake ni ya watu wengine. Mwenye simu nzuri anaweza kusoma matoleo haya kwa kulipia kila mwezi katika huduma ya Marvel Unlimited, lakini apige hesabu ya bando kwanza, maana picha hula bando kuliko maneno.

Baada ya toleo la 33, endeleeni tu mbele. Ditko anaaga katika toleo la 38, na katika la 39 anaingia John Romita, ambaye ghafla anawafanya watu wote wapendeze, jambo ambalo mwanzoni liliniudhi na sasa nimelizoea. Humo ndimo adui wake Green Goblin anapojivua kinyago. Katika la 42 mnaoneshwa hatimaye sura ya Mary Jane, msichana ambaye Peter amekuwa akitajiwa tu. Toleo la 121, la Juni 1973, sitalisema neno, na atakayelisema kwenye maoni nitamfuta. Mkishafika huko, rudini nyuma mkasome mwanzo wa 1962, na mtaona jinsi kisa mlichodhani mnakijua kilivyo kifupi na kikali.

Wenye watoto, hapo nalegeza msimamo. Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili aliuona mchoro wa Ditko akaniuliza kwa nini watu wana vidole vya ajabu, kisha akaenda zake na Ultimate hadi usiku. Sikumnyang'anya.

Ambao hamjajiunga na chaneli, bonyezeni kitufe hapo chini. Na wewe wa Nansio, hiki sikupi, nisamehe. Ninakutumia juzuu ya kwanza, ambayo ina lile toleo la 15 la Amazing Fantasy na matoleo 20 ya mwanzo ya The Amazing Spider-Man, kwa meli ya Ijumaa. Nimeifunga kwa nailoni, tabaka mbili, na nimemwomba mtu anayesafiri aishike mkononi mpaka gatini.